Mjumbe hauawi, lakini aulizwe

SERIKALI inapogeuka ghafla na kuacha sera iliyoitetea jana, aliyeamua huwa nadra kuonekana usiku huo. Anayeonekana ni mdogo wake: mbunge wa muhula wa kwanza, naibu waziri, msemaji au mwenyekiti wa kamati. Hukalishwa studioni, taa zikimmulika usoni, akaulizwa kwa nini leo anasifu kile alichokilaani juzi.

Sisi watazamaji hucheka. Video hukatwa vipande, ikatumwa kwa simu kutoka Nairobi hadi Mombasa, ikavuka Kiunga na kufika huku visiwani kabla samaki wa alfajiri hawajateremshwa. Hapa Fuma nimewaona vijana wameinamia simu moja, wakishangilia kana kwamba wanatazama mpira.

Nami nimewahi kucheka. Lakini kwa mtu anayeishi kwa kuvuka mpaka, au aliyerudi kwao baada ya miaka ya ukimbizi, kicheko hicho hakitoshi. Serikali ikigeuka, mwanasiasa mdogo huaibika kwa dakika kumi. Mchuuzi hupoteza mtaji. Mkimbizi hupoteza mwaka mzima akisubiri kujua atalala wapi.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walisema kweli. Lakini hawakusema asiulizwe. Suala ni kwamba mara nyingi tunamuuliza yasiyotufaa, kisha tunaridhika kwa kuwa ametokwa na jasho.

USIKU MMOJA LONDON

Mahojiano ya aina hii yanayotajwa sana ulimwenguni yalifanyika Uingereza, na jamaa zetu wengi wanaoishi huko wanayakumbuka.

Juni 26, 2012, Waziri wa Fedha George Osborne alitangaza kwamba kodi ya mafuta ya magari, iliyokuwa ipande kwa takriban peni tatu kwa lita mwezi wa Agosti, haitapanda hadi Januari 2013. Serikali hiyo hiyo ilikuwa imeitetea nyongeza hiyo kwa majuma kadhaa.

Usiku huo Osborne hakufika studioni. Aliyefika katika kipindi cha Newsnight cha BBC ni Chloe Smith, waziri mdogo katika wizara hiyo, mwenye umri wa miaka 30. Mtangazaji alikuwa Jeremy Paxman, mtu aliyejulikana kwa kutomwachia mgeni wake nafasi ya kupumua.

Paxman alimwuliza jambo dogo sana: uliambiwa lini kwamba sera imebadilika? Smith alijibu mengine. Akaulizwa tena. Akasema suala lilikuwa likijadiliwa. Akaulizwa fedha za kuziba pengo zitatoka wapi, akasema ni akiba za wizara mbalimbali, bila kuzitaja. Mwishowe aliulizwa iwapo huwa anajiona kuwa hafai kwa kazi hiyo.

Uingereza nzima ilizungumzia aibu ya mwanamke huyo. Wachache waliuliza kwa nini mkubwa wake alimtuma badala ya kwenda mwenyewe.

Ikumbukwe pia yaliyofuata. Desemba mwaka huo nyongeza hiyo ilifutwa kabisa. Smith naye hakuzama kisiasa. Aliondoka serikalini mwaka wa 2013, akarejea baadaye, na mwaka wa 2022 aliketi katika Baraza la Mawaziri kama waziri kamili kwa muda mfupi. Usiku mmoja wa aibu haukumfukuza katika siasa, wala haukumfundisha mwananchi jinsi uamuzi ule ulivyofikiwa.

MSWADA ULIOANGUKA KWA SIKU MOJA

Hapa kwetu Afrika Mashariki, mfano mkubwa zaidi wa miaka ya karibuni ni Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024.

Juni 18 mwaka huo, mbunge wa Molo Kuria Kimani, ambaye alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Fedha katika Bunge la Kitaifa, alitangaza katika Ikulu ya Nairobi kwamba kodi ya asilimia 16 kwa mkate imeondolewa, pamoja na ile ya asilimia 2.5 kwa magari na ushuru wa mafuta ya kupikia. Hayo ni mambo yaliyokuwa yameelezwa kwa wananchi kuwa ya lazima.

Juni 25 wabunge 195 walipiga kura ya kuunga mkono mswada uliobaki. Waliopinga walikuwa 106. Siku hiyo hiyo vijana waliingia katika majengo ya Bunge na watu wakauawa kwa risasi barabarani.

Kesho yake, Juni 26, Rais William Ruto alitangaza kuwa hatautia saini. Aliurudisha bungeni kwa pendekezo la kufuta vifungu vyote. Nyuma yake, mbele ya kamera, walisimama wabunge wa mrengo wake, miongoni mwao waliopiga kura ya ndiyo saa chache tu zilizotangulia.

Hebu fikiria hali ya mbunge wa kawaida aliyepiga kura ile. Nyumbani kwake wapigakura wamemkasirikia kwa kuunga mkono. Sasa anatakiwa aseme kwamba kuunga mkono kulikuwa sawa, na kuondoa pia ni sawa. Akialikwa studioni, atasema nini?

Ni haki kutaja kwamba safari hiyo mkubwa mwenyewe aliulizwa. Juni 30 Rais Ruto aliketi Ikulu na wanahabari watatu, Linus Kaikai, Joe Ageyo na Eric Latiff, wakamwuliza kuhusu mswada na kuhusu waliouawa. Unaweza kukubali au kukataa majibu yake. Lakini angalau mwenye uamuzi alikuwa mbele ya swali.

Hata hivyo, kugeuka huko hakukuwa mwisho wa safari. Desemba 2024 baadhi ya mapendekezo ya kodi yalirejea kupitia sheria nyingine. Aliyecheka Juni na kusahau hakuona mlango wa nyuma ukifunguliwa.

KWA NINI HUTUMWA WADOGO

Zamani Kenya ilikuwa na mawaziri wasaidizi. Katika serikali ya muungano ya mwaka wa 2008 walizidi 50. Kazi ya wengi wao ilikuwa kujibu maswali bungeni wakati waziri yuko safarini, na kubeba lawama arudipo.

Katiba ya 2010 iliondoa cheo hicho, na mawaziri wakakatazwa kuwa wabunge. Machi 2023 Rais Ruto aliteua mawaziri wasaidizi wapya 50, wale waliojulikana kama CAS, lakini Mahakama Kuu ilibatilisha uteuzi huo Julai mwaka huo.

Matokeo ya mpangilio huu hayasemwi sana. Wanaotetea serikali kwenye televisheni sasa ni wabunge, maseneta, wasemaji na washauri ambao wengi wao hawaketi katika Baraza la Mawaziri. Hawakuwa chumbani uamuzi ulipofanywa. Wanaletewa karatasi ya hoja alasiri, na saa tatu usiku wako hewani.

Ndiyo maana hubabaika. Mtu hubabaika anapoeleza jambo asilolijua, na hubabaika zaidi anapoogopa kukiri kuwa halijui.

SIKU 51 ZA KIUNGA

Tuyalete haya nyumbani, maana mkate wa Nairobi si ndio tunaoula hapa Fuma.

Mpaka wa Kenya na Somalia umefungwa na kukazwa kwa nyakati tofauti. Kenya ilitangaza kuufunga Januari 2007 Mahakama za Kiislamu ziliposhindwa vitani, kisha ikaukaza baada ya majeshi yake kuingia Somalia Oktoba 2011. Julai 2022 marais Uhuru Kenyatta na Hassan Sheikh Mohamud walikubaliana Nairobi kwamba ufunguliwe.

Mei 15, 2023, Waziri wa Usalama wa Kenya Kithure Kindiki, akiwa na mwenzake wa Somalia, alitangaza kwamba vituo vitafunguliwa kwa awamu ndani ya siku 90. Vilivyotajwa ni Mandera, Liboi na Kiunga. Kwa Mbajuni, jina la Kiunga ni kama kusikia mlango wa nyumba ya nduguye umefunguliwa. Kutoka Ras Kamboni hadi Kiunga ni mwendo mfupi, na watu wa pande zote mbili ni koo moja.

Julai 5, 2023, waziri huyo huyo alitangaza kuahirishwa kwa mpango huo. Kati ya tangazo la kwanza na la pili zilipita siku 51.

Sisemi Kindiki alikosea. Juni mwaka huo polisi wanane waliuawa kwa bomu la kutegwa Garissa, na watu watano wakauawa katika vijiji vya Juhudi na Salama, kaunti ya Lamu. Waliokufa Lamu ni majirani zetu. Hakuna biashara ya mchele na sukari inayozidi thamani ya damu yao.

Lakini tufanye hesabu. Tuseme mchuuzi wa Kismayu alikopa dola 2,000 mwezi wa Mei kwa kuamini tangazo la kwanza. Akaagiza bidhaa, akalipa ghala, akaweka nafasi ya mashua. Siku ya 51 anaambiwa asubiri. Deni halisubiri. Ghala halisubiri. Unga huingia wadudu. Siku 90 zilipotimia Agosti, Kiunga haikuwa imefunguliwa.

Mchuuzi huyo alihitaji mtu mmoja tu aulizwe kwenye televisheni swali moja: kuahirishwa huku kutapimwa kwa nini? Ni miezi mingapi ya utulivu ndiyo itatosha, na nani atathibitisha kwamba utulivu umepatikana? Kuambiwa kwamba mpaka utafunguliwa hali ikiwa salama si jibu kwa mtu mwenye deni. Ni kama kumwambia mvuvi kwamba bahari itatulia itakapotulia.

WALIORUDI WANAJUA

Sisi tuliorudi tulilijua somo hili tukiwa wadogo. Mimi nilisomea ukimbizini, pwani ya Kenya, katika miaka ya tisini. Darasa letu lilikuwa turubai, na mwalimu wetu wa kwanza alikuwa mkimbizi mwenzetu.

Nakumbuka asubuhi moja kijana aliyevaa shati jeupe alikuja na karatasi. Akasoma kwamba kambi itafungwa. Mwezi haukwisha akarudi na karatasi nyingine: haitafungwa bado. Wanaume walimzomea. Mmoja aliokota jiwe. Kijana akasema, "Mimi nimetumwa tu."

Bibi mmoja alisimama, akawanyamazisha wote. Akamwambia, "Mwanangu, najua umetumwa. Niambie nani kakutuma, na lini utarudi na jibu." Kijana aliandika swali hilo nyuma ya karatasi yake. Juma lililofuata alirudi na tarehe, na jina la afisa wa kuendewa. Tulihama, lakini tulihama tukijua siku.

Ndugu zetu wa Dadaab waliyaona hayo kwa kiwango kikubwa zaidi. Mei 2016 Katibu wa Wizara ya Usalama, Karanja Kibicho, alitangaza kwamba Kenya itaifunga kambi hiyo. Novemba mwaka huo muda ukaongezwa kwa miezi sita. Februari 9, 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kufunga huko kunakiuka Katiba. Machi 2021 Waziri Fred Matiang'i akalipa shirika la UNHCR siku 14 litoe mpango. Ikawekwa tarehe mpya, Juni 30, 2022. Tarehe hiyo ikapita, kambi ikabaki. Machi 2025 serikali ya Kenya ikazindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza Dadaab na Kakuma kuwa makao ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi pamoja.

Kutoka kufunga hadi kugeuza makao: huko ni kugeuka kabisa. Huenda ni kugeuka kwema. Lakini je, nani aliyeketi kwenye televisheni na kuwaeleza waliokubali kurudi Kismayu mwaka wa 2016 na 2017, wakiamini hakuna njia nyingine, kwamba wangesubiri wangepata hali nyingine? Wengine waliuza mabati yao na vyombo vyao. Wengine waliwatoa watoto shuleni katikati ya mwaka. Hasara hiyo haikuingia katika bajeti yoyote.

MASWALI MATATU

Kutokana na haya yote, naona maswali matatu yanayostahili kuulizwa kila mara mwanasiasa mdogo anapotumwa kutetea kigeugeu cha wakubwa.

La kwanza ni lile la Paxman: uliambiwa lini? Si swali la kumdhalilisha mtu. Jibu lake hutuambia kama tunayemsikiliza alishiriki katika uamuzi au analeta barua iliyofungwa. Kama ameambiwa leo, basi tusimtafutie sababu, tumtafute aliyemwambia.

La pili: nini kilichobadilika, na kipimo chake ni kipi? Kama ni usalama, tutajuaje umerejea? Kama ni fedha, zimepungua wapi? Sera iliyogeuzwa bila kipimo inaweza kugeuzwa tena kesho.

La tatu, ambalo husahauliwa kuliko yote: waliofuata tangazo la kwanza watafanyiwa nini? Waliolipa kodi, waliokopa, waliohama, waliofunga safari. Sijaona mahojiano mengi ambamo swali hili liliulizwa hadi likapata jibu.

Kwa upande wake, mwanasiasa mdogo anaweza kujiokoa kwa maneno machache: sikuwa chumbani, aliyeamua ni fulani, hili silijui, nitarudi Ijumaa na jibu. Najua nidhamu ya vyama haipendi maneno hayo. Lakini yule kijana wa shati jeupe hakupigwa mawe siku alipoandika swali la bibi.

NA UPANDE WETU JE?

Ni rahisi kuwanyooshea kidole wanasiasa wa London na Nairobi. Tujitazame na sisi.

Serikali ya Mogadishu ilizuia miraa ya Kenya Machi 2020, kisha ikairuhusu Julai 2022. Novemba 2024 Jubaland ilitangaza kusitisha ushirikiano na serikali kuu. Desemba 11 mwaka huo majeshi ya pande hizo mbili yalipigana Ras Kamboni, baadhi ya askari wakakimbilia Kenya. Kwa mchuuzi wa visiwani, kila tukio la aina hiyo lina swali lake: ni karatasi ya nani inayotambuliwa leo, na ushuru nilioulipa jana utahesabiwa?

Huku visiwani hatuna studio wala kituo cha televisheni. Katika miaka yangu tangu nirudi, sijaona afisa mdogo akiketi mbele ya Wabajuni na kuulizwa hadharani kwa lugha yao kwa nini amri ya juma lililopita imebadilika. Amri huja, hubadilika, na sisi husikia kwa mwenye mashua. Tunamcheka mbunge wa Kenya anayetoa jasho studioni, na tunasahau kwamba jasho lile ni haki ambayo majirani zetu wamekwisha kuipata.

Hatuhitaji kungoja kamera. Baraza la msikiti linatosha. Soko la samaki linatosha. Afisa akiteremka kutoka mashuani na tangazo, apewe maji anywe, asikilizwe hadi mwisho, kisha aulizwe yale matatu. Majibu yaandikwe na mtu anayejua kuandika, na tarehe iwekwe.

Kwa wafanyabiashara nina ushauri mmoja wa ziada. Tangazo la kwenye televisheni si kufunguliwa kwa mpaka. Kabla ya kukopa, uliza: limechapishwa katika Gazeti Rasmi la serikali? Maafisa wa forodha wamefika kituoni? Kuna mtu tayari aliyevuka na kupewa stakabadhi? Kama majibu ni hapana, fedha zako ziache zilale.

Nahodha ana haki ya kugeuza tanga upepo ukibadilika, na asipogeuza atatuzamisha. Lakini nahodha mwema huwaita mabaharia kwanza, kila mmoja akajua ashike kamba gani. Anayegeuza kimya kimya, kisha akamtuma mtoto wa chomboni kuwaeleza walioanguka majini, huyo ndiye wa kuulizwa. Na njia ya kumfikia ni kumwuliza mtoto huyo, kwa upole na bila kuchoka, ni nani aliyemtuma.